Maneno ya Kazi katika Utunzaji wa Matoleo ya Programu

Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno machache ambayo mwanachuo hukutana nayo mara tu anapoanza kuandika programu za kompyuta pamoja na wenzake, na kuonyesha jinsi yanavyoweza kufundishwa katika shule ya msingi, hata ile isiyo na umeme. Maneno yenyewe ni hazina, komiti, tawi, kuunganisha, mgongano, kusukuma, kuvuta na wingu. Yako mengine mengi, lakini tumeona kuwa mwanachuo asiyeyaelewa haya huharibu kazi ya wenzake bila ya kujua.

Tuliona hivyo kwa kuumia. Wanachuo sita wa darasa letu walikuwa wakitengeneza programu ndogo ya maswali ya kugawanya, kwa matumizi ya mazoezi ya kufundisha. Walikuwa wakipokezana faili kwa flashi moja. Faili la kwanza liliitwa "kugawanya", la pili "kugawanya mpya", kisha "kugawanya mwisho", kisha "mwisho kabisa", na baada ya hapo "mwisho kabisa 2". Usiku wa kuamkia siku ya kwenda shuleni mmoja wao alinakili faili lake juu ya lile la mwenzake, na maswali arobaini yaliyotungwa kwa wiki mbili yakatoweka. Vijana walilaumiana sana. Lakini aliyewaagiza wapokezane flashi alikuwa mmoja wetu sisi wakufunzi, na hakuwa amewafundisha njia nyingine yoyote. Kosa lilikuwa letu.

Tatizo hili limewasumbua watengenezaji wa programu tangu zamani. Mwaka 1972, katika maabara za Bell huko Marekani, Marc Rochkind alianza kuunda mfumo uliojulikana kwa kifupi SCCS, wa kutunza kila badiliko lililofanywa katika msimbo chanzo, yaani yale maandishi anayoyaandika mtu ili kompyuta iyatekeleze. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa mfumo wa RCS. Katika mifumo hiyo ya kwanza aliyetaka kubadilisha faili alilifunga kwanza, na wenzake wakangoja hadi alifungue, kama vile wasomaji wanavyongojea kitabu kilichoazimwa maktabani. Ilikuwa salama, lakini kazi ilikwenda polepole.

Mfumo unaotumika zaidi siku hizi ni Git. Ulianzishwa mwezi Aprili 2005 na Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux. Wenzake walikuwa wakitumia mfumo wa kampuni moja bila ya malipo, na ruhusa hiyo ilipoondolewa alijitengenezea wake. Mwezi Julai mwaka huo huo aliukabidhi kwa Junio Hamano ausimamie. Sifa yake kubwa ni kwamba kila mshiriki anakuwa na historia nzima ya kazi ndani ya kompyuta yake mwenyewe, wala si ukurasa wa mwisho peke yake.

Hapa ni lazima tuondoe mchanganyiko mmoja ambao tumeukuta hata kwa walimu wa miaka mingi. Git si GitHub. Git ni chombo kilichomo ndani ya kompyuta, na hufanya kazi bila ya intaneti. GitHub ni mahali katika intaneti pa kuwekea kazi iliyotunzwa kwa Git. Palifunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitangaza kupanunua kwa dola za Kimarekani bilioni 7.5. Pako na mahali pengine pa namna hiyo, kama GitLab na Bitbucket. Tofauti hii si ya kinadharia. Mwalimu aliye katika shule isiyo na mtandao anaweza kutunza kazi yake kwa Git mwezi mzima, kisha akaipeleka katika wingu siku anapokwenda mjini kuchukua mshahara.

Na hilo wingu ni nini? Katika darasa moja la majaribio mtoto alituuliza kama kazi yake itapotea mvua ikinyesha. Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki kabisa, kwa maana sisi ndio tuliomwambia kuwa kazi iko katika wingu. Wahandisi walikuwa na desturi ya kuchora mtandao kama wingu katika michoro yao kwa sababu hawakutaka kuonyesha yaliyomo ndani, jina likabaki. Ukweli ni kwamba wingu ni majumba yenye maelfu ya kompyuta, yanayotumia umeme mwingi na kupozwa usiku na mchana, nazo ni mali ya kampuni fulani. Mwanafunzi aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza. Aambiwe pia kwamba wanaozisimamia ni binadamu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, akiwa katika kurekebisha hitilafu usiku, alifuta data katika kompyuta isiyo yenyewe. Walipotafuta nakala za akiba waligundua kuwa njia kadhaa walizozitegemea zilikuwa hazifanyi kazi. Waliokolewa na nakala ya saa sita hivi kabla ya ajali, na maoni na taarifa zilizoandikwa katika saa hizo zikapotea. Lakini hazina za msimbo zenyewe hazikuguswa, kwani zilikuwa zimehifadhiwa mbali na data iliyofutwa. Na hata kama zingeguswa, waandishi wake wengi wangekuwa na nakala kamili nyumbani kwao.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe.

Hazina ni folda ya kazi pamoja na historia yake yote. Wako wanaoiita ghala. Sisi tumelikwepa neno hilo kwa sababu ghala hupungua kila linapotolewa kitu, na hazina hii haipungui hata ikinakiliwa mara mia. Mtu akichukua nakala kamili ya hazina na kuiweka katika kompyuta yake, tunasema amenakili. Akitengeneza nakala yake mwenyewe huko huko katika wingu, ili aendeleze kazi ya mtu mwingine kwa njia yake, wako wanaosema ametia uma, kwa kufuata Kiingereza. Mtoto akisikia uma atafikiria sahani ya wali. Tunashauri njia panda.

Neno komiti ndilo lililotutaabisha kuliko yote. Mwanachuo mmoja aliandika neno hilo ubaoni na kuuliza maana yake. Mvulana wa nyuma akajibu kwa sauti kubwa kwamba komiti ni watu wazima wanaokaa kikao. Mwanachuo alimkatiza na kuendelea. Tulipojadili somo hilo baadaye tulimweleza kuwa alikuwa ameitupa nafasi nzuri. Kamati ina kumbukumbu zake, na hakuna mfano bora wa komiti kuliko kumbukumbu za mkutano. Kumbukumbu zina tarehe, zina jina la aliyeziandika, zinaeleza nini kiliamuliwa, na kila mkutano hurejea uliotangulia katika yale tunayoyaita yatokanayo. Zikiwa na kosa hazichanwi. Sahihisho huandikwa katika mkutano unaofuata. Komiti iko hivyo hivyo. Ni picha ya kazi nzima kama ilivyokuwa wakati fulani, pamoja na jina la mwandishi, tarehe, maelezo mafupi ya badiliko, na kiungo cha kuielekeza kwa komiti iliyoitangulia. Kwa watoto wa madarasa ya chini tunaona inatosha kusema "kuweka kumbukumbu", na neno komiti lije watakapokaa mbele ya kioo cha kompyuta.

Kila komiti hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 40, ingawa mara nyingi huonyeshwa saba za mwanzo tu. Namba hiyo hupigwa kwa hesabu kutokana na yaliyomo, hata mtu akibadilisha mkato mmoja namba hubadilika. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuichezea historia kimya kimya bila ya namba kumsaliti.

Maelezo ya komiti ndiyo sehemu ambayo mwalimu wa lugha anaweza kumsaidia sana mwalimu wa TEHAMA. Wanachuo wetu huandika "nimebadilisha", au "marekebisho", au nukta tatu. Maelezo ya namna hiyo hayamfai mtu yeyote. Linganisha na haya: "Nimesahihisha jibu la swali la 7: 84 kugawanya kwa 6 ni 14, si 13." Mtu akiyasoma baada ya mwaka atajua nini kilitendeka na kwa nini. Tunaona mtoto anayefunzwa kuandika sentensi moja kama hiyo amefundishwa utungaji wa kweli, pengine kuliko insha nyingine za "Siku Nisiyoisahau".

Tawi ni mfululizo wa komiti uliojitenga na ule mkuu, ili mtu ajaribu jambo bila ya kuvuruga kazi ya wengine. Mfululizo mkuu twaweza kuuita shina. (Katika GitHub jina lake la kawaida kwa hazina mpya lilibadilishwa mwezi Oktoba 2020, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuona jina moja katika hazina za zamani na jingine katika mpya, asishtuke.) Mfano wa mti unafaa mpaka hapo tu. Tawi la mti halirudi shinani, bali tawi la Git kwa kawaida hurudi, na kule kurudi ndiko kuitwako kuunganisha. Mwalimu akifika hapo auache mti na achore njia ya miguu inayoacha barabara, ikapita shambani, ikarudi barabarani mbele.

Kusukuma ni kupeleka komiti zako kutoka kompyuta yako hadi hazina ya wingu. Kuvuta ni kuzileta za wenzako na kuziunganisha na zako. Mtu asiye na ruhusa ya kusukuma katika hazina ya mwenzake humwandikia ombi ili kazi yake ikaguliwe. GitHub huliita ombi la kuvuta, kwa kuwa mwenye hazina ndiye anayeombwa avute. GitLab huliita ombi la kuunganisha. Jina la pili linaeleweka zaidi, na ndilo tunalolitumia.

Tumelaza neno mgongano hadi mwisho kwa makusudi, kwa sababu halielezeki kwa maneno matupu. Linahitaji zana, nazo ni rahisi: karatasi za manila, kalamu za rangi mbili, na bahasha kubwa iliyotundikwa ukutani. Bahasha hiyo ndiyo hazina ya wingu, na mwanafunzi mmoja awe mlinzi wake. Andika hadithi fupi yenye mistari yenye namba:

1. Juma alikwenda sokoni asubuhi.
2. Alinunua mihogo mitatu.
3. Njiani alikutana na mbuzi.
4. Mbuzi akala mihogo yote.

Kila kikundi kinakili hadithi nzima na kurudi mezani kwake. Waambie wabadilishe watakavyo, lakini kila badiliko liandikwe katika karatasi mpya yenye tarehe, jina la kikundi na sababu. Karatasi ya zamani isitupwe. Kisha kikundi cha kwanza kilete kazi yake kwa mlinzi, naye aipokee. Kikundi cha pili kikija, mlinzi akikatae. Watoto watalalamika sana, na mwalimu awaache walalamike kidogo. Sababu ya kukataliwa ni kwamba bahasha ina kumbukumbu ambayo wao hawajaiona. Ni lazima waivute kwanza, waiunganishe na yao, ndipo wasukume. Git hufanya hivyo hivyo. Iko pia njia ya kusukuma kwa nguvu, ambayo huyafunika ya wengine bila ya kuwauliza. Ndiyo ile ile ya flashi yetu, na mwanafunzi wa shule ya msingi haihitaji.

Ikiwa kikundi kimoja kiligusa mstari wa 1 na kingine mstari wa 4, kuunganisha hakuna taabu. Lakini tuseme kikundi cha kwanza kimeandika mstari wa 2 "Alinunua mihogo mitano", na cha pili "Alinunua viazi vitatu". Huo ndio mgongano. Kompyuta haiwezi kujua upi ni bora, wala haijaribu. Huiandika mistari yote miwili ndani ya faili, na kuizungushia alama: mishale saba ya kuelekea kushoto juu, alama saba za sawasawa katikati, na mishale saba ya kuelekea kulia chini. Mwanadamu ndiye achague, kisha azifute alama. Wanachuo wengi huona alama hizo na kudhani kuwa kompyuta imeharibika. Haikuharibika, imesimama na kungoja watu wapatane.

Na katika darasa wapatane wenyewe. Tumewaona wanachuo wakienda ubaoni kuamua kwamba mihogo ni bora kwa kuwa mstari wa 4 unataja mihogo. Ni kweli, na watoto wangeliona hilo kwa dakika mbili kama wangeachwa. Viwakutanishe vikundi viwili meza moja, kila kimoja kisome sababu kilizoziandika katika kumbukumbu zake, kisha viamue pamoja. Hapa ndipo maelezo mazuri ya komiti yanapolipa.

Liko jambo la hila zaidi ambalo vitabu vingi hulipita. Kikundi cha tatu kinabadilisha mstari wa 1 na kumwita mtoto Hamisi badala ya Juma. Kikundi cha nne kinaongeza mstari wa 5: "Juma akarudi nyumbani akilia." Mistari haikugusana, kwa hiyo Git itaunganisha bila ya kulalamika, na hadithi itakuwa na Juma asiyejulikana alikotoka. Kuunganisha kimya si ushahidi kwamba kazi ni sahihi. Baada ya kuunganisha mtu ni lazima asome upya yote, na katika programu ni lazima aijaribu upya. Tunawasihi walimu wasilipite zoezi hili hata kama kipindi ni kifupi. Tungeliacha jingine lolote kuliko hili.

Mwisho tunataka kueleza tukio la pili, ambalo lilituumiza kuliko la maswali arobaini. Baada ya wanachuo kuzoea Git, mmoja wao, kijana mwenye bidii, alitengeneza programu ya kukokotoa wastani wa alama. Ili kuijaribu alitumia alama halisi za wanafunzi wa shule aliyofanyia mazoezi, pamoja na majina yao kamili, na akasukuma kila kitu katika hazina iliyo wazi kwa dunia nzima. Kesho yake rafiki yake alimwonya. Akalifuta faili, akaweka komiti yenye maelezo mazuri sana, "Nimeondoa majina ya watoto", akasukuma, akalala usingizi.

Majina hayakuondoka. Aliyefungua hazina na kurudi komiti moja nyuma aliyakuta yote, na yale maelezo mazuri yalimwonyesha mahali pa kutazama. Kumbukumbu haichanwi, sahihisho huandikwa tu katika kikao kinachofuata. Mambo ni hayo hayo kwa nenosiri lililoandikwa ndani ya msimbo: likisukumwa, kulifuta hakusaidii kitu, dawa ni kulibadilisha mara moja. Jina la mtoto halibadiliki. Tulichofanya ni kuifunga hazina isionekane na watu wengine, kisha kuiandika upya historia yake ili faili lile liondolewe katika komiti zote, kazi iliyotuchukua siku nzima na kubadilisha namba zote zilizofuata. Liko faili maalumu la kuorodhesha vitu ambavyo Git ivipuuze, na lau lingeandikwa mwanzoni tungesalimika. Lakini orodha hiyo haina nguvu juu ya kitu kilichokwisha kuwekewa kumbukumbu.

Kisha tulikwenda shuleni kumweleza mwalimu mkuu, kwani watoto ni wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi kama inavyowahusu wengine. Alitusikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja: "Na kama yuko aliyekwisha kuinakili kabla hamjaifunga?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Tangu muhula huo wanachuo wetu wanajaribu programu zao kwa alama za kubuni. Inapohitajika kazi ya kweli, kila mtoto hupewa namba, na karatasi inayoonyesha namba ni ya nani inakaa katika kabati la mwalimu mkuu, imefungwa kwa ufunguo.